Kazi Yangu Ilikuwa Kufa

Krrr, krrr, krrr. Kama mtu anayesaga mtama mkavu juu ya jiwe huku amemkasirikia mumewe. Nimezeeka, masikio yangu hayamsikii tena hata jogoo wa jirani, lakini sauti hiyo naisikia. Ilikuwa sauti ya sanduku la picha la Mjerumani, na maana yake ilikuwa moja: umeshakufa, usijikune.

Ninyi vijana mnaotoka sinema mjini mmevaa miwani ya jua na jua limeshazama, mkinijia na kuniambia, "Shikamoo bibi, sisi tunataka kuwa waigizaji," huwa nacheka kwa ndani. Si kwa ubaya. Mimi nilikuwa mwigizaji kabla baba zenu hawajazaliwa. Hamjapata kusikia habari zangu kwa sababu wafu hawaandikwi majina. Nimekufa kwa Wajerumani, na walipokuja Waingereza na masanduku makubwa zaidi, nikafa kwa Waingereza. Nimekufa kwa mkuki, kwa simba, kwa homa, na mara moja kwa kuzama mtoni, ndani ya mtumbwi uliokuwa umekaa nchi kavu. Sasa nimestaafu. Nikifa tena itakuwa bila malipo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mabruki, mpagazi wa zamani kutoka Unyamwezi, aliyekuwa mkalimani wa yule Mjerumani. Mjerumani mwenyewe alikuwa na jina refu kama kamba ya kufungia ng'ombe. Sisi tulimwita Bwana Sanduku na yeye akaitika. Mabruki alijua kufa kuliko mtu yeyote niliyemwona, kwani alijifunza safarini. Mzigo ukimshinda alianguka njiani, akafa, msafara ukampita, kisha akafufuka na kurudi alikotoka.

"Nimekufa Pangani, nikafa Korogwe, nikafa njia ya Kilimanjaro," alikuwa akisema. "Pale njia ya Kilimanjaro nilikufa vizuri kupita kiasi. Walianza kunifukia."

"Ukafanyaje, mzee?"

"Nilipiga chafya. Maiti mwenye busara hasubiri mchanga ufike puani."

Basi sikilizeni, maana haya hamtafundishwa shuleni. Kufa kunaanzia gotini. Mgeni wa kazi huanguka kama gogo, anajigonga kidevu, halafu anasema "aa!" baada ya kuwa maiti. Anza na goti, ije nyonga, lije bega, na kichwa ukilaze kana kwamba unalaza mtoto wa mtu. Ukishalala, pumua kwa tumbo la upande wa chini, lile ambalo sanduku halilioni. Mdomo uache wazi kidogo, lakini kwanza uangalie kama kuna ng'ombe karibu, maana penye ng'ombe pana nzi. Na damu: Bwana Sanduku alijaribu damu ya mbuzi, ikaleta nzi, akajaribu asali iliyochanganywa na masizi, ikaleta nyuki. Mkipewa nafasi ya kuchagua, chagueni nzi. Nzi anatembea tu.

Halafu siafu. Siku moja, upande wa Engutoto, tulikufa wengi kwa pamoja juu ya njia yao. Tulivumilia kadiri binadamu anavyoweza kuvumilia. Kisha maiti mmoja akanyanyuka akakimbilia mtoni, akafuata wa pili, mwisho uwanja mzima wa vita ukawa mtoni umejivua nguo. Bwana Sanduku hakuacha kuzungusha mpini. Alimwambia Mabruki kwamba bila shaka hiyo ni mila yetu ya kale na anatushukuru kwa kumwonyesha.

Picha aliyoipenda kuliko zote ilikuwa vita. Askari wa boma wanapiga baruti tupu, morani wetu wanaanguka. Hapo mjue jambo moja. Vita hivyo vilikuwa vimeshapiganwa kweli, miaka si mingi nyuma, na tulikuwa tumeshindwa kweli. Wanaume walioitwa kuigiza ndio haohao waliobeba mawe ya kujenga boma huku kiboko kiko mgongoni. Bwana Sanduku alipowapanga mstari na kuwaeleza namna ya kushindwa, mmoja wao akasema, "Mara ya kwanza tulishindwa bure. Safari hii kuna malipo ya chumvi." Wakacheka. Kisha wakachukua mikuki wakaenda kushindwa.

Aliyeanguka vizuri kuliko wote aliitwa Lemburis. Alikuwa morani anayekaribia kutoka umorani, mrefu, mpole, mwenye kupenda kutafuna miwa. Alikuwa amemchumbia msichana aitwaye Nambayo na ng'ombe walikuwa wameshapelekwa. Baba yake Lemburis alikufa katika vile vita vya kweli. Jina la baba huyo mimi silijui mpaka leo, na sababu yake ndiyo habari yenyewe. Kwetu Waarusha, siku zile, mtu akifa jina lake lilikwenda naye. Halikutajwa tena. Ukilitaja umemgutusha, na akigutuka haondoki mikono mitupu. Anachukua mtu wa nyumba yako.

Sasa siku moja Bwana Sanduku akaona picha yake ya vita imepungukiwa. Mabruki akaniita.

"Binti, Bwana anasema watu wa Ulaya watataka kuona mjane."

"Mjane wa nani?"

"Wa huyu." Akamwonyesha Lemburis, ambaye alikuwa amekaa juu ya jiwe anatafuna muwa, kipande cha mkuki kimefungwa kwapani mwake kana kwamba kimemtoboa hadi upande wa pili.

"Mke wangu mzuri," Lemburis akasema, "nisogezee muwa mwingine kabla sijafa."

"Nifanye nini sasa?" nikamwuliza Mabruki.

"Fanya kama mnavyofanya kwenu mkifiwa. Mimi nimekaa kwenu siku nyingi, lakini wenzako huwa hawanialiki misibani."

Kwetu mume akifa, mke huvua mapambo yake. Nilikuwa na shanga za shingoni zilizopangwa safu juu ya safu, na hereni za waya wa shaba alizonipa bibi yangu aliyenilea. Lemburis akaenda akaanguka: goti, nyonga, bega, kichwa. Krrr, krrr. Nikapiga magoti kando yake, nikavua hereni moja, nikaiweka kwenye nyasi. Nikavua ya pili. Nikaanza shanga. Nilivua polepole, maana nilikuwa msichana wa ndoto nyingi na nilikuwa naona picha yote kichwani, mimi na mlima Meru nyuma yangu. Bwana Sanduku alizungusha mpini huku machozi yanamtiririka ndevuni. Mabruki naye alisema hajapata kuona maiti aliyetendewa heshima hivyo, na akajutia vifo vyake vyote vya nyuma.

Ng'ambo ya mto, kwenye njia itokayo Tengeru kwa Wameru, alikuwa anapita mwanamke na mkungu wa ndizi mgongoni. Alikuwa mama yake Lemburis.

Watu huniuliza: kwani hakuliona sanduku? Aliliona. Lakini wewe ukimwona mwanao amelala na mkuki ubavuni, na msichana anavua mapambo juu yake, utatazama sanduku?

Hakuvuka mto. Alikuwa ameshafiwa na mume kwa bunduki hizohizo, na alijua kwamba ukiukimbilia moshi wa baruti unaongeza maiti. Aliutua mkungu, akarudi nyumbani, akavua mapambo yake, akawaambia watu. Jina la Lemburis likawekwa kimya siku ileile. Kwetu msiba haukuwa jambo la kuvutavuta.

Jioni Lemburis akarudi nyumbani na mfuko wake wa chumvi, anapiga mluzi. Mama alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Akamwuliza kwa upole, kama unavyomwuliza mgeni aliyepotea njia:

"Umesahau nini?"

"Yeyo, mama yangu, ni mimi. Nimeleta chumvi."

"Nimekuuliza umesahau nini. Sema nikupe, uende salama."

"Ni mimi, mwanao! Mimi ni Lem—" Mama akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Hakuna aliyemfukuza. Hilo nataka mlielewe. Wenzake wa rika walimwekea nyama, ila waliiweka chini, mbali kidogo, kisha wakasogea. Nyama yenyewe ilikuwa nzuri tu. Walimwelezea shida yao kwa adabu. Tatizo lilikuwa jina. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo mama yake naye akakosa jina, watu wakawa wanamwita "yule wa nyumba ya juu." Kulikuwa na mzee mwingine pale jirani, naye akiitwa Lemburis tangu utoto wake. Wakamwomba atafute jina lingine. "Mimi niliitwa hivi kabla mama wa huyo maiti hajaota meno!" akafoka, lakini alihama jina, akanuna mpaka mvua za vuli.

Mimi nikawa mjane kabla sijawa mke. Bibi yangu alizifunga shanga zangu kwenye ngozi akazichomeka juu darini. Vijana waliokuwa wakinisalimia njiani wakaanza kunisalimia kama wanavyomsalimia shangazi.

Likaitishwa baraza la wazee, nami nikaitwa kwa cheo changu cha mjane. Lemburis akaja pia, akakaa pembeni. Baba yake Nambayo, yule mkwe mtarajiwa, ndiye aliyeanza.

"Mimi sina ugomvi na marehemu. Alikuwa kijana mzuri. Lakini sitoi binti kwa mtu aliyekwisha kuliliwa, tena mwenye mjane wake amekaa hapa."

"Baba, mimi niko hai," Lemburis akasema.

"Mwambieni huyo aliyekaa pale asiingilie," mzee mmoja akasema, bila kumtazama. "Tunamzungumzia yeye."

"Anapumua," akasema mwingine.

"Mabruki wa Bwana Sanduku naye alikuwa akipumua walipomfukia. Amesema mwenyewe."

"Na anakula."

"Tena anakula sana," akasema mwenzake wa rika, kwa masikitiko.

Wakabishana mpaka kivuli kikageuka upande. Hatimaye wakasema: aliyemtoa ndiye amrudishe. Nendeni kwa Bwana Sanduku.

Mabruki alipotafsiri, Bwana alicheka hadi akakaa chini. Lakini alikuwa mtu wa kupenda vyombo vyake, na hapo akapata wazo. Alikuwa na taa ya kuonyeshea picha ukutani. Mchana, tukaingia katika ghala la ngozi karibu na boma, milango ikafungwa, nguo nyeupe ikatundikwa. Ngozi mbichi zilikuwa zimerundikwa hadi paani, na mzee mmoja aliponusa akasema taratibu, "Kumbe ndiko wanakokaa wafu."

Ikawaka. Krrr, krrr. Nikajiona, mdogo kama kidole, sina rangi. Lemburis akaanguka. Nikavua hereni. Ghala zima likashusha pumzi. Mimi, sifichi, nilikuwa naangalia shingo yangu na kuona ni nzuri. Lemburis alikuwa nyuma yangu amesimama, na nilimsikia akinong'ona, "Goti limechelewa." Hapo nilimwonea huruma ambayo sikuwa nayo kabla. Mtu anajiona amekufa, na kitu anachoweza kukishika ni kosa la kazi.

Kisha Bwana akazungusha mpini kinyume. Shanga zikaruka kutoka kwenye nyasi zikapanda shingoni kwangu. Hereni zikarudi masikioni. Lemburis akanyanyuka: kichwa, bega, nyonga, goti. Akasimama mzima. Mabruki akapiga makofi, "Haya! Huyo, chukueni mtu wenu!"

Lakini Lemburis wa kwenye nguo hakukoma hapo. Aliendelea kwenda, kinyumenyume, haraka, hadi akatoweka pembeni. Baba yake Nambayo ndiye aliyesema.

"Amefufuka, sikatai. Nimeona. Lakini huyo aliyefufuka anatembelea kisogo. Binti yangu simwozi kisogo."

Wazee wakatoka nje wakapangusa macho kwa sababu ya jua. Wakakata neno palepale. Kifo cha sanduku, wakasema, ni cha sanduku. Na ufufuo wake nao ubaki nalo. Ila kilio cha mama ni chetu, na hakina mpini wa kukirudisha. Njia ni moja. Mtu akiitwa kwa jina lake, akaitika, huyo yu hai, na mambo yamekwisha. Basi na aitwe.

Wakatazamana.

"Wewe ni mwenzake wa rika," mmoja akamwambia kijana.

"Nina mtoto mchanga nyumbani," kijana akajibu.

"Wewe je, mkwe?"

"Nina Nambayo. Akiwa ni mzimu kweli, akaja kumchukua kwa njia hiyo, si nitakuwa nimemwoza bila sherehe?"

Mama mtu alikuwa amesimama pembeni, kaishika nguo yake kifuani. Alikuwa na mtoto mwingine mmoja, binti, mdogo wa Lemburis. Hakuulizwa, na hakuna aliyemtazama. Lakini mimi nilimtazama. Midomo yake ilikuwa inalitengeneza lile jina, bila sauti, mwanzo hadi mwisho, kisha akalimeza. Akageuka, akaenda zake.

Msifikiri walikuwa wajinga. Walikuwa watu waliokwisha kufiwa mno. Kila mmoja alikuwa na mtu mmoja au wawili waliobaki, na hakuna aliyetaka kucheza bahati nasibu kwa mtu aliyebaki.

Kiangazi kikaisha na Bwana Sanduku akaanza kufunga vitu aende pwani. Lemburis akaenda kwa Mabruki akaomba mzigo.

"Njoo," Mabruki akamwambia. "Njiani huko maiti anapata kazi haraka. Haulizwi kwao wapi." Kisha akanijia mimi, na safari hii hakuwa na mzaha. "Binti, mimi sikuwahi kurudi kwetu. Mara ya kwanza nilipojifanya nimekufa nilifikiri nitafika nyumbani baada ya mwezi. Mtu akizoea kuwa hayupo, miguu inasahau. Huyu akivuka mbuga za Terrat hatarudi. Kama kwenu kuna mtu wa kusema neno, aliseme kabla hatujafunga mizigo."

Nikalala nalo. Nyumbani kwangu alikuwemo mtu mmoja tu, bibi yangu, na alikuwa anakohoa. Nilimsikiliza akikohoa. Nikahesabu upande huu na upande ule na hesabu haikutoka, maana sikuwa nimesoma wakati huo, na nilipokuja kusoma nikakuta hata vitabuni hesabu ile haimo. Kumtaja hadharani mbele ya wazee sikuthubutu. Tena msichana kumpigia morani kelele kwa jina lake, hata akiwa mzima wa afya, si adabu.

Asubuhi ya safari nilikwenda shambani kwetu, kando ya mfereji ule uletao maji kutoka mlimani. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua. Ng'ambo ya mfereji, Lemburis alikuwa ananywesha ng'ombe wa mama yake kwa mara ya mwisho, kamba ya upagazi ameshaifunga begani. Hapakuwa na mtu mwingine. Juu kule, nyumba ya mama yake ilikuwa inatoa moshi. Nikatia maji mdomoni, nikatema, nikavuta pumzi kwa tumbo lote, upande wa chini na wa juu.

"Lemburis!"

Hakugeuka. Alikuwa hajaitwa siku nyingi. Alitazama ng'ombe, kana kwamba mmoja wao ndiye aliyesema. Nikaona nikimwita bure atasita, atauliza kwa nini, na sikuwa na la kumjibu.

"Lemburis! Wewe Lemburis! Ng'ombe wako wamo kwenye maharage yangu!"

"Oe!" akaitika, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na kosa. "Oe, nakuja! Wangapi?"

Juu kule mlango ukafunguka. Mama yake akatoka mbio, kibuyu mkononi, akasimama, akasikiliza. Kisha akalitaja mwenyewe, akiteremka mteremko, mara moja, mara nyingine, kila hatua kwa sauti kubwa zaidi, na kutoka bondeni mwanawe akamwitikia kila mara, huku amekwisha kuingia mferejini, maji magotini, anakuja kuwatoa ng'ombe wake shambani kwangu.

Katika maharage yangu hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Nikaingia mwenyewe, upesi, nikainama, nikakanyaga mashina machache kwa kisigino.